Mifupa ya gololi kwa mwanasesere wa sentimita 26: uzoefu wangu

Nianze na swali ambalo kila mtu ananiuliza kuhusu mifupa ya gololi, yaani kiunzi cha chuma chenye viungo vya gololi kinachokaa ndani ya mwanasesere: je, inasimama? Ndiyo, inasimama. Ukiikaza vizuri na kufunga nyayo kwenye ubao, mifupa hii inasimama kwa mguu mmoja huku mkono umenyooshwa mbele, na ukienda kula mchana ukirudi unaikuta vile vile ulivyoiacha. Kwa kazi ya stopu-mosheni, yaani katuni ya kumsogeza mwanasesere kidogo kidogo na kumpiga picha kila hatua, ambapo wengi wetu tunapiga picha 12 ili kupata sekunde moja, kila picha ikichukua fremu mbili kati ya zile 24, hicho ndicho kitu cha kwanza unacholipia. Mengine nitakayosema ni yale ambayo muuzaji hayaweki kwenye tangazo. Mwanasesere hatembei uchi, na mifupa inayogombana na nguo ni kazi bure hata kama ni ya chuma kizuri kiasi gani.

Niliyonunua ni ile ya mtandaoni kutoka China, ya chuma kisichoshika kutu, haina jina la maana, inakuja vipande vipande ndani ya kimfuko pamoja na alenki moja (ule ufunguo wa skrubu zenye tundu la pembe sita). Pamoja na usafiri ilinitoka laki na kitu. Mabega, nyonga, shingo na vifundo vya miguu ni gololi zilizobanwa kati ya vibati viwili vyenye skrubu katikati. Viwiko na magoti ni bawaba, vinakunjika upande mmoja tu, na ndivyo inavyotakiwa. Kila unyayo una tundu la bolti ya M3, yaani ya unene wa milimita tatu, kwa hiyo unatoboa meza au ubao, unapitisha bolti kwa chini, unakaza. Viganja havimo. Kichwa hakimo. Karatasi ya maelekezo haimo pia, ila ukiwa umewahi kufungua hata feni utaelewa.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa waya, mifupa naisokota mwenyewe, na kwa viganja bado ni mtu wa waya. Shida ya Dar es Salaam ni kupata waya wenyewe. Unaotakiwa ni wa alumini laini, nyuzi mbili zisokotwe pamoja kwa drili. Waya wa kufungia nondo upo kila duka la vifaa vya ujenzi, lakini kila ukiukunja unarudi nyuma kidogo, na jasho la mikono likiuingia unaota kutu inayotokeza kwenye nguo nyeupe. Shaba ya mafundi wa kusuka mota ni laini mwanzoni, halafu kila ukiikunja inazidi kukakamaa mpaka inakatika. Ule wa alumini wa kwa wauza vyuma chakavu sikushauri kabisa: mara nyingi ni wa nguzo za umeme, mgumu, na huwezi kujua umeshukaje kutoka kwenye nguzo.

Waya ukikatika, unakatika ndani. Kifundo cha mguu kinalegea katikati ya tukio na huna njia ila kuchana sponji na nguo, kubadilisha mguu, kisha kuanza kutafuta mwanasesere alikuwa amesimamaje. Hapo ndipo mifupa ya gololi inaporudisha pesa yako. Kiungo kikilegea unakaza skrubu, unaendelea.

Sasa kasoro zake. Inatoka kiwandani na mafuta, na gololi yenye mafuta haishiki. Ifungue yote, ioshe kwa spiriti, ikaushe, ndipo uifunge. Unapokaza, anzia chini: vifundo vya miguu vikaze kuliko vyote kwa sababu vinabeba mwili mzima, nyonga zifuate, mabega yawe ya wastani, na shingo iwe laini kiasi cha kusogezwa kwa kidole kimoja bila kiwiliwili kutikisika. Ukikaza vyote sawa, ukisogeza kichwa bega nalo linahama, na kwenye picha anaonekana kama amestushwa.

Skrubu zenyewe ndizo zilizoniudhi. Chuma cha viungo ni kigumu, lakini cha skrubu ni laini, na ukikaza mara kwa mara tundu la alenki linalika mpaka linakuwa duara. Bahati ni kwamba zangu ni M2.5, saizi ambayo mafundi wa kompyuta mpakato wanazo tele kwenye vikopo vyao. Nilinunua za kutosha, zilizozidi urefu nikazikata na kuzisawazisha kwa tupa. Angalia na wewe zako ni saizi gani kabla hujazihitaji usiku wa manane.

La pili ni mabega. Kifua cha mifupa hii kimepimwa kwa mwanamume, tena mwanamume wa mazoezi. Katuni yangu ina watu wawili, mzee wa kanzu na bibi wa kanga. Mzee alikaa sawa. Bibi, nilipomvika mara ya kwanza, alikuwa baunsa. Nikapeleka kipande cha kifua kwa mafundi wa chuma wa eneo la Gerezani hapa Dar es Salaam wakakipunguza pande zote mbili na kutoboa upya matundu, na hilo ni gharama nyingine ambayo haimo kwenye bei. Kama mhusika wako ni mwanamke au mtoto, muulize muuzaji upana wa mabega kwa milimita, usikubali jibu la urefu.

Mwili nimeujaza kwa sponji ya godoro, nikiikata kwa mkasi mdogo na kuigandisha kwa gundi ya viatu, lakini viungo nimeviacha wazi. Sponji ikipita juu ya gololi inasukuma, na kiungo kinarudi polepole wakati umeshatoa mkono. Huoni kwa macho, unaona baadaye unapocheza picha zote kwa pamoja.

Tuje kwenye nguo.

Kanzu ni rafiki wa mtu wa stopu-mosheni. Inashuka mpaka vifundoni, inaficha magoti, inaficha bolti za nyayo, na mwendo wa mzee wa pwani hata katika maisha ya kweli ni wa kuteleza tu. Nilimpelekea fundi cherehani wa mtaani kwetu vipimo: kifua sentimita 15, urefu sentimita 22. Akaiangalia karatasi, akaniangalia mimi.

“Dada, huyu mtoto ni njiti?”

Nikamwambia ni mzee, tena wa chuma. Alicheka, ila kazi aliifanya, na akanifundisha jambo moja ambalo nalitumia mpaka leo. Kitambaa chembamba kiasi hicho cherehani inakimeza, kinaingia kwenye tundu la chini linalopitisha sindano na kujisokota. Yeye anaweka karatasi ya daftari chini, anashona kitambaa na karatasi pamoja kwa hatua fupi fupi, kisha anaichana karatasi taratibu. Mshono unabaki umenyooka. Darizi ya shingoni akakataa. “Hiyo utaweka mwenyewe kwa mkono, mimi macho yangu nayahitaji bado.”

Pindo la chini la kanzu lina waya mwembamba wa shaba ndani yake, mwembamba kama unywele. Bila huo, kitambaa kinaning'inia kinavyotaka na mwanasesere anatembea ndani ya nguo iliyosimama. Ukiwa nao, kila picha unausogeza ukingo kidogo kufuata goti, na mguu unapotua unaliachia pindo lichelewe picha moja au mbili ndipo litulie. Hapo mtazamaji anaamini kuna uzito.

Kanga ilinisumbua zaidi, na nilitegemea hivyo. Ukikata kipande cha kanga ya kweli, korosho moja tu ya mchoro inamfunika bibi kuanzia kwapani mpaka magotini. Kila kitu lazima kipungue kwa kiasi kimoja. Kanga ina kama sentimita 150 kwa 110. Gawanya kwa sita unapata 25 kwa 18, na hiyo inaingia kwenye karatasi ya A4 na nafasi inabaki. Nikaichora yangu kwenye kompyuta, pindo, mji wa katikati na jina, nikaandika WEMA HAUOZI kwa herufi za milimita nne. Kwa kamera ya simu inasomeka vizuri.

Kuichapa ni habari nyingine. Wale wanaochapa fulana na vikombe kwa joto, wino wao unashika kwenye poliesta tu, na poliesta inang'aa, inateleza, haikubali mkunjo. Kanga isiyokubali mkunjo ni kitambaa cha meza. Mimi nilinunua bafta nyembamba (ndiyo, hiyo hiyo ya sanda), nikaipiga pasi, nikaigandisha kingo zake kwenye karatasi ya A4 kwa gundi ya kijiti, nikaipitisha kwenye printa ya kawaida ya wino. Inapita, ilimradi uzi hata mmoja usining'inie pembeni. Tatizo linalobaki ni upande wa nyuma. Kanga ya dukani rangi yake inaonekana mpaka nyuma, hii ya printa nyuma ni nyeupe pee, na bibi akijitanda, pale kitambaa kinapojikunja kichwani, weupe unatokeza na kila kitu kinakuwa karatasi. Nilipaka nyuma rangi ya kitambaa niliyoipunguza kwa maji, rangi ile ile ya mji, kwa brashi karibu kavu. Ikilowa sana inapenya mbele na kuharibu jina.

Halafu kuna jinamizi la wote wanaofanya kazi hii: nguo kuchemka. Kila ukimgusa mwanasesere, mikunjo inahama kidogo, na picha zikikimbia kitambaa kinatetemeka chenyewe ingawa mtu kasimama wima. Si sisi tu. Sokwe wa filamu ya King Kong ya 1933 alivikwa manyoya ya sungura juu ya mifupa ya chuma ya gololi, na manyoya yanacheza filamu nzima kwa sababu ya vidole vya waliokuwa wakimsogeza. Seti moja ya mifupa hiyo iliuzwa mnadani London mwaka 2009. Manyoya na mpira vilikwishaoza, chuma kilikuwepo. Ukisikia mtu anasema mifupa ya gololi ni ghali, mwambie hivyo.

Dawa yangu ya kuchemka ni wanga, wanga wa kawaida wa nguo, mwepesi sana. Naichovya kanga, namvika bibi ingali na unyevu, napanga mikunjo kwa sindano, naiacha ikauke mwilini mwake. Ikikauka inashika umbo lakini bado inakubali kusogezwa. Kipindi cha masika unyevu wa hewa unailegeza na kazi unairudia. Na usimwache bibi mezani usiku bila kumfunika, mende wanapenda wanga kuliko wanavyopenda sanaa.

Sasa turudi kwenye mifupa, maana hapa ndipo vitu viwili hivi vinapogongana. Faida yote ya gololi ni skrubu unayoweza kuikaza. Ikiwa nguo imeshonwa ikafungwa, skrubu huifikii, na umenunua waya wa bei mbaya. Mabaya zaidi, kwenye mifupa hii skrubu za mabega zinatazama mbele, zile za nyonga zinatazama pembeni. Laiti zote zingetazama nyuma, ningetoa nyota tano bila kufikiri. Vibati vya mabega unaweza kuvigeuza, na nimevigeuza. Vya nyonga havigeuki. Kwa hiyo kanzu ya mzee ina mpasuko mgongoni kuanzia shingoni mpaka kiunoni, umefungwa kwa vifungo vidogo vya kubana vya nguo za watoto wachanga, na mfuko mmoja wa pembeni hauna chini. Alenki inapita mfukoni moja kwa moja hadi kwenye nyonga. Nikiwa napiga picha naonekana kama namwibia mzee.

Kwa bibi ni rahisi, kanga inafunguka. Ila usifungue ile uliyoitia wanga na kutegemea kuirudisha na mikunjo ile ile. Mimi namfungia kanga mbili za chapa moja, ya kifuani imekatwa nyuma na kugandishwa vipande viwili visivyoonekana chini ya ile ya kujitanda. Kamera haimzunguki bibi, inabaki mbele yake. Hilo ni jambo la kuamua kwenye karatasi kabla hujashona hata mshono mmoja.

Nimeipa nyota nne. Ile moja nimeikata kwa ajili ya skrubu na mabega, siyo kwa ajili ya viungo, maana viungo havina lawama. Kama unataka tu kujaribu, kufanya tangazo la sekunde kumi au kazi ya darasani, waya na sponji vitakutosha na hela yako itabaki. Kama una mhusika mmoja atakayebeba filamu nzima, mnunulie huyo, na wale wapita njia wafanye wa waya. Wa kwangu wa tatu ni mjukuu wa miaka sita, mfupi, na muuzaji amenijibu kwamba anazo za sentimita 18 zenye mabega ya milimita 38. Nimemwomba picha ya nyuma kwanza, nione skrubu zinatazama wapi.