Kujua bei kabla ya kutibiwa Marekani: tumezipima njia zilizopo

Aliyezoea hospitali za Dar es Salaam au Nairobi analijua dirisha la keshia. Daktari anaandika kipimo, unakwenda dirishani, unatajiwa bei, unalipa, unapewa risiti, ndipo maabara wanakutoa damu. Kwa mgonjwa ni mzunguko wa kuchosha, ila bei anaijua kabla ya sindano. Marekani mpangilio ni kinyume: unatibiwa kwanza, kisha bili zinakuja kwa posta wiki kadhaa baadaye, na haziji kwa bahasha moja. Sheria imempa mgonjwa njia kadhaa za kuuliza mapema. Tumezipima kwa swali moja tu: namba utakayopewa leo itafanana na ile itakayokuja kwenye bahasha?

Mfano tuliouchagua ni kolonoskopi, yaani kuingizwa mpira mwembamba wenye kamera kwenye utumbo mpana. Hufanyika sana, hupangwa mapema, na hubeba karibu kila tatizo la bei linaloweza kumpata mgonjwa. Bili zake zinaweza kuwa nne: ya daktari anayeshika mpira, ya jengo na vifaa (ada ya kituo), ya daktari wa usingizi, na ya maabara ya patholojia ikiwa kuna nyama iliyokatwa kupelekwa kupimwa. Kila mmoja wao anaweza kuwa na kampuni yake, na ofisi yake ya bili katika jimbo jingine kabisa.

Kabla ya kupiga simu popote, pata msimbo. Kila huduma ina namba ya tarakimu tano inayoitwa CPT, na bila hiyo hakuna ofisi itakayokupa jibu la maana. Kolonoskopi ya kuangalia tu ni 45378. Daktari akikata kipande kwa ajili ya vipimo inakuwa 45380. Akikuta kinyama na kukiondoa kwa kitanzi cha waya inakuwa 45385. Hakuna anayejua ipi itatokea mpaka mpira uwe ndani, na hapo ndipo makadirio mengi huharibika: mgonjwa anauliza bei ya kolonoskopi, anapewa ya 45378, yaani ya chini kabisa, kisha bili inakuja na 45385. Omba bei ya misimbo yote mitatu. Uliza pia msimbo wa ugonjwa, kwa sababu kipimo cha uchunguzi wa kawaida kuanzia umri wa miaka 45 hulipwa chote na bima nyingi za binafsi, ukienda kwa daktari aliye kwenye mtandao wao (yaani mwenye mkataba na bima hiyo), hata kama vinyama vimepatikana na kuondolewa. Kipimo hichohicho kikiandikwa kuwa ni cha kutafuta chanzo cha damu au maumivu, unaingia mfukoni. Ofisi ya daktari ndiyo inayoandika sababu hiyo. Ihakikishe kabla ya siku yenyewe, maana kuibadilisha baada ya bili kutumwa ni kazi ngumu.

Jambo la lugha nalo linawaponza wengi. Kiswahili tunasema “gharama” tukamaliza. Ofisi ya bili ina namba tatu tofauti: bei iliyoandikwa kwenye orodha kuu ya hospitali, bei ambayo bima imekubaliana na hospitali, na sehemu utakayolipa wewe. Mkalimani akizitafsiri zote tatu kuwa “gharama”, utakata simu ukiwa umeshika namba isiyokuhusu. Mwambie mkalimani aulize hivi: “Mgonjwa mwenyewe atatoa kiasi gani mfukoni, bima ikishalipa?”

Njia ya kwanza ni tovuti ya hospitali. Tangu Januari 1, 2021 kila hospitali inatakiwa kuweka bei zake hadharani kwa namna mbili: faili kubwa la kompyuta lenye kila kitu, na orodha rahisi ya huduma 300 zinazoweza kupangwa mapema. Hospitali inaruhusiwa kuweka kikokotoo cha bei badala ya orodha hiyo. Faili kubwa lina hazina ndani yake: bei ya orodha kuu, bei ya taslimu, bei ya kila kampuni ya bima, ya chini na ya juu. Kwa mgonjwa wa kawaida, hata hivyo, halifunguki. Excel inaishia mistari 1,048,576, na mafaili mengine yanazidi hapo kwa mbali. Kiungo chake hukaa chini kabisa ya ukurasa wa kwanza wa hospitali. Kama una kijana nyumbani anayejua kuchambua data, mpe msimbo na jina kamili la bima yako akutafutie. Faida moja kubwa ni kuiona bei ya taslimu, ambayo wakati mwingine iko chini ya bei ya bima. Tahadhari: ukilipa taslimu nje ya bima, kwa kawaida fedha hiyo haihesabiwi kwenye kiwango cha mwaka unachotakiwa kujilipia kabla bima haijaanza kuchangia.

Kikokotoo ni rahisi kutumia. Unaweka jina la bima, namba ya uanachama na tarehe ya kuzaliwa, kinatoa namba. Kasoro yake ni kwamba mara nyingi kinahesabu upande wa hospitali peke yake. Daktari wa usingizi na patholojia wakiwa wa kampuni nyingine, hawamo. Tunakipa alama mbili kati ya tano. Kinafaa kulinganisha hospitali na hospitali. Kupangia bajeti, hapana.

Njia ya pili ni chombo cha kampuni yako ya bima. Bima nyingi za binafsi zilitakiwa kuwa na kikokotoo cha huduma 500 kuanzia Januari 1, 2023, na cha huduma zote kuanzia Januari 1, 2024. Hiki kinajua mpango wako, asilimia unayochangia na kiasi ulichokwisha kujilipia mwaka huu, kwa hiyo namba yake iko karibu zaidi na ukweli. Kinakosea pale madai ya mwezi uliopita yanapokuwa bado hayajashughulikiwa, au daktari alipotoka kwenye mtandao wa bima na jina lake halijafutwa. Unaweza kuomba makadirio hayo kwenye karatasi bila malipo. Fanya hivyo. Ukipiga simu, uliza kila mtoa huduma kwa jina, andika tarehe, jina la aliyekujibu na namba ya kumbukumbu ya simu. Alama tatu na nusu. Mwenye Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, asihangaike na kikokotoo. Swali lake ni kama kila mmoja atakayemhudumia anapokea Medicaid, na kama kibali cha awali kimeshatoka.

Njia ya tatu ndiyo tunayoipenda kuliko zote, na ni ya wasio na bima au walioamua kutoitumia. Inaitwa “Good Faith Estimate”, yaani makadirio ya bei yaliyoandikwa kwenye karatasi. Litamke jina hilo kwa Kiingereza, maana ukiomba “makadirio” tu unaweza kutajiwa namba mdomoni. Imo kwenye sheria iitwayo No Surprises Act, iliyoanza kazi Januari 1, 2022. Ukipanga miadi siku 3 za kazi au zaidi kabla ya huduma, ofisi inatakiwa kukupa karatasi hiyo ndani ya siku 1 ya kazi. Ukipanga siku 10 za kazi kabla, au ukiomba tu bila miadi, ndani ya siku 3 za kazi. Lazima iwe na huduma zilizotajwa moja moja, misimbo, bei inayotarajiwa, na jina la mtoa huduma pamoja na namba zake za utambulisho.

Nguvu yake inaonekana bili inapofika. Ikizidi makadirio ya mtoa huduma huyohuyo kwa dola 400 au zaidi, unaweza kufungua shauri serikalini ndani ya siku 120 tangu tarehe ya bili, kwa ada ya dola 25. Shauri likiwa linaendelea, hawaruhusiwi kulipeleka deni kwa wakusanyaji madeni. Hakuna njia nyingine kati ya hizi inayokupa meno ya namna hiyo.

Lakini pana tundu. Sheria ilikusudia karatasi moja ijumuishe watoa huduma wote. Utekelezaji wa kipengele hicho ukaahirishwa. Kwa hiyo daktari anakupa yake, na wengine watatu kila mmoja unamfuata mwenyewe. Uliza ofisi ya daktari: “Nani atanilaza usingizi, na sampuli zinapelekwa maabara gani?” Kisha piga huko. Bei ya usingizi hujengwa kwa pointi za msingi na muda, kwa kawaida dakika 15 kwa pointi moja, basi uliza wamekadiria dakika ngapi. Uliza pia kama daktari huyohuyo anafanyia kipimo katika kituo kisicho cha hospitali. Ada ya kituo huko kwa kawaida ni ndogo. Alama nne.

Walio na bima waliahidiwa karatasi ya aina hiyohiyo, yenye hesabu ya bima ndani yake, kabla ya matibabu. Utekelezaji wake nao ulisitishwa. Hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote katika mfumo huu, na linawaumiza wanaolipa bima kila mwezi wakiamini wameshajikinga.

Kwamba bei moja kamili inawezekana, Surgery Center of Oklahoma, jijini Oklahoma City, imeonyesha kwa miaka mingi: imeweka kwenye tovuti bei za taslimu zinazojumuisha daktari wa upasuaji, usingizi na kituo. Vipimo vya kabla na mazoezi ya viungo ya baadaye havimo, na wanalisema hilo waziwazi. Tungetamani kila hospitali iandike hivyo.

Sasa mapokezi. Utapewa kifaa usaini kwa kidole. Omba karatasi usome, kwa sababu fomu ni zaidi ya moja. Kuna ile ya kawaida ya kukubali kulipa kisicholipwa na bima. Kuna nyingine ya kuacha kinga yako dhidi ya bei za aliye nje ya mtandao wa bima. Hii ya pili inatakiwa ukabidhiwe saa 72 kabla ya huduma. Miadi ikiwa imepangwa siku hiyohiyo, angalau saa 3 kabla. Usiisaini bila kuelewa: ukikataa, mtoa huduma huyo anaweza kukataa kukuhudumia, nawe ukatafuta aliye ndani ya mtandao. Fomu hiyo hairuhusiwi kabisa kwa huduma ya dharura, wala kwa usingizi, patholojia na radiolojia katika hospitali iliyo ndani ya mtandao. Ukiiona kwa huduma hizo, irudishe.

Dharura haina mjadala wa bei. Kwa sheria ya 1986, hospitali zenye kitengo cha dharura zinazopokea fedha za Medicare, bima ya serikali hasa kwa wazee, lazima zikupime na kuimarisha hali yako bila kusubiri maswali ya malipo. Jua tu kwamba gari la wagonjwa la barabarani halimo kwenye kinga ya No Surprises Act dhidi ya bei za walio nje ya mtandao, wakati ndege imo. Bili ikikushinda, hospitali isiyo ya faida lazima iwe na mpango wa msaada wa malipo, na una siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya kutoka hospitalini kuomba.

Mkalimani wa Kiswahili ni wa bure katika hospitali yoyote inayopokea fedha za serikali ya shirikisho, na haki hiyo inafika mpaka ofisi ya bili. Taja unatoka wapi, kwani Kiswahili cha Lubumbashi na cha Tanga vinaweza kupishana simuni. Ofisi ikikunyima makadirio, piga 1-800-985-3059, dawati la serikali la No Surprises Act, ukiwa na tarehe ulizoomba na majina ya waliokujibu.