Mjane wa veterani Marekani: DIC (fidia ya kila mwezi kwa wafiwa) au pensheni ya wafiwa?

Fomu ni moja, 21P-534EZ, lakini malipo yenyewe yanatofautiana sana.

DIC inaangalia sababu ya kifo: ugonjwa au jeraha lililotokana na utumishi jeshini. Kipato cha mjane hakihesabiwi, wala malipo hayakatwi kodi. Wengi hukwama kwenye cheti cha kifo. Kikiandikwa "moyo kusimama" tu, huku marehemu alikuwa na kisukari ambacho Idara ya Maveterani ilishakitambua kuwa kilitokana na utumishi, dai linaweza kukataliwa. Mwombe daktari aliyemtibu aandike barua inayoeleza jinsi kisukari kilivyochangia kifo. Njia nyingine: kama marehemu alitambuliwa kuwa na ulemavu wa asilimia 100 uliotokana na utumishi kwa miaka 10 mfululizo kabla ya kufariki, sababu ya kifo haiulizwi.

Pensheni ya wafiwa haijali alikufa na nini. Inataka utumishi wa wakati wa vita, kipato kidogo na mali isiyozidi kikomo. Nyumba unayoishi haihesabiwi. Ila usikimbilie kugawia watoto akiba. Mali iliyotolewa ndani ya miaka 3 kabla ya maombi huchunguzwa.

Ukiolewa tena, pensheni inakoma. DIC hubaki ikiwa ulikuwa na miaka 55 au zaidi, na ndoa ilifungwa kuanzia Januari 5, 2021.

Huwezi kulipwa zote mbili. Kwa vyovyote, omba ndani ya mwaka mmoja wa kifo, ili malipo yahesabiwe tangu mwezi wa kifo.