Uzoefu wangu: kurekodi albamu ya kwanza ya panki kwenye studio ya mtaani, Mombasa

Jina la studio sitalitaja kwa sababu kuna mahali nitamsema fundi wao, na yule mzee bado namdai faili moja halafu tukikutana Kongowea ananisalimia vizuri kabisa. Ni zile studio za juu ya duka upande wa Kisauni, ngazi za nyuma, mlango wa chuma.

Sisi ni watu wanne, gitaa, besi, dramu, na mimi mwimbaji, ingawa kupiga kelele ndo neno lenyewe. Mamangu alipoambiwa twapiga panki, yaani roki ya kasi na kelele, aliniangalia kichwa kwanza, kwake yeye panki ni ile staili ya nywele. Lebo hatuna, meneja hatuna, pesa tulichanga wenyewe na zilizopungua tukakopa kwa mashemeji, na nilijipa moyo kwamba Buzzcocks, bendi ya panki ya Manchester, nao mwaka 1976 walikopa pauni 500 kwa jamaa na marafiki, wakarekodi kazi yao ya kwanza kwa siku moja na kuitoa wenyewe. Ramones, bendi ya panki ya New York, mwaka huo huo walimaliza albamu yao ya kwanza kwa kama wiki moja na dola 6,400 hivi, ambazo kwa makampuni ya muziki ya wakati ule zilikuwa hela za mboga. Sisi tuliambiwa shilingi elfu 12 kwa siku, masaa nane, fundi ndani yake, na miksi, yaani kuzichanganya na kuzisawazisha sauti, elfu 3 kila wimbo. Nusu watuma kwa M-Pesa kabla hujaonyeshwa hata pa kukaa.

Chumba chenyewe kimebandikwa trei za mayai toka chini mpaka juu. Watu huamini trei zazuia sauti, wallahi hazizuii, zapunguza mwangwi kidogo tu wa zile sauti nyembamba, tuktuk ikipita chini waisikia kama imo ndani mnakaa nayo. Kilichosaidia ni magodoro mawili mazito yaliyosimamishwa nyuma ya dramu na zulia chini. AC ipo lakini maiki zikiwashwa yazimwa kwa sababu yanguruma, sasa fikiria joto la mwezi wa pili chumba kimefungwa, gitaa latoka tyuni kila baada ya nyimbo mbili, na mpiga dramu wetu amebaki na fulana, jasho ladondoka juu ya sneya na kila akiipiga laruka kama mafuta ya viazi karai.

Siku ya kwanza tuliipoteza, nasema ukweli. Fundi amezoea kaswida na kwaya na vijana wa kuimba juu ya biti, akatuwekea kliki, ule mlio wa kuhesabu mapigo, kwenye hedifoni kama anavyowawekea wote. Mpiga dramu wetu amekulia kwenye ngoma za harusi, msondo na chapuo, mkono wake ukifika kiitikio wakimbia wenyewe na hapo ndipo utamu ulipo, akitiwa kliki awa kama mtu anavushwa barabara ameshikwa mkono. Nyimbo mbili tu siku nzima, na zote mbovu.

Halafu kulikuwa na hili. Tukamaliza wimbo, fundi akabonyeza kile kitufe cha kuongea na sisi, akauliza, "Wanangu, beti ya pili iko wapi?"

Nikamwambia, "Ami, wimbo umekwisha."

"Dakika moja na sekunde 40?"

"Ndiyo ami."

Akacheka mpaka akakohoa. Bei lakini hakupunguza, wimbo ni wimbo.

Nampa haki yake, siku ya pili alikuja na akili nyingine. Kliki akaizima mwenyewe, akasema pigeni kama mnavyopiga kwenu. Amp ya gitaa, ile spika yake, akaitoa nje kwenye kikorido cha choo, akaielekeza ukutani ili kelele zake zisiingie kwenye maiki za dramu, besi ikaingia moja kwa moja kwa waya, dramu akaitegea maiki nne tu, moja ya kiki, moja ya sneya, mbili juu. Tukapiga wote kwa pamoja, nikaja kutia sauti yangu siku ya tatu. Nyimbo tisa kabla ya Maghrib! Adhana ikianza mwasimama, na misikiti haianzi kwa pamoja kwa hiyo ni mapumziko ya maana, ndo mwashuka kunywa kahawa tungu na kashata. Stima zilipotea mara moja, kompyuta haina UPS, ile betri ya kuishikilia stima zikikatika, na teki, yaani rekodi, nzuri kuliko zote ikaenda na maji. Ulizeni UPS kabla ya kulipa.

Sasa lawama. Miksi ya wiki moja ilichukua wiki tatu, na ilipokuja nilitaka kulia, sauti yangu imepakwa autotyuni, ile programu ya kunyoosha noti, yateleza kama sabuni, dramu zimebadilishwa zimewekwa za kompyuta, kila pigo sawasawa na mwenzake. Ilibidi nikae nyuma yake jioni nzima namwambia toa hiyo, toa na hiyo. Akanambia, "Mwanangu, lakini hapa umekosea noti." Nikamwambia najua. Akatoa, ikabaki sauti imepasuka na honi ya tuktuk ndani ya wimbo wa saba, akasema basi jina langu msiandike. Alitaka pia kuipandisha sauti mpaka ikose pumzi, nikamweleza Spotify huishusha yenyewe mpaka karibu -14 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti, hatupati faida yoyote, hapo akakubali.

Jumla ilitutoka elfu 69, nyimbo 11, dakika 24. Nauza Bandcamp, tovuti ya wanamuziki kuuza kazi zao wenyewe, wao hukata asilimia 15, sina neno nao. Studio naipa nyota tatu na nusu, ile nusu ni ya kikorido cha choo, gitaa imetoka kali ajabu. Ukienda, dai traki zako zote za WAV, faili za sauti zisizobanwa, kwenye flashi kabla hujatuma ile nusu ya mwisho. Mimi nilituma kwanza, na faili la wimbo wa tisa mpaka leo naambiwa kesho.