Breki za baiskeli ya safari: anza na leva

Lalamiko ninaloletewa na wasomaji ni lilelile: dukani breki zilibana vizuri, mlimani zikagoma. Raba mpya, waya mpya. Kasoro iko kwenye leva, ule mkono wa breki unaoubana kwa vidole, na hakuna anayeitazama.

Leva za usukani wa mbio, ule uliopinda kwenda chini, huvuta waya kidogo. V-breki, ile ya mikono miwili mirefu inayobana rimu, hutaka waya uvutwe karibu mara mbili ya hapo. Ukizifunga pamoja, raba zikilika kidogo tu leva inagusa usukani kabla hujasimama. Kinyume chake ni hatari zaidi: leva ya V-breki ikifungwa kwenye breki ya mbio inakuwa ngumu mkononi, mnunuzi anaridhika, kumbe rimu haibanwi ipasavyo. Shuka Lushoto hadi Mombo na mizigo nyuma, karibu mita 1,000 za mteremko, uone.

Kwa safari, ya kwanza kwangu ni TRP Spyre, na sioni ya kuishindanisha nayo. Ni breki ya diski, yaani hubana sahani iliyo katikati ya gurudumu badala ya rimu; huvutwa kwa waya, imetengenezwa kwa leva za mbio, na pedi zake zote mbili husogea. Avid BB7, nayo diski ya waya, husogeza moja tu, kwa hiyo nyingine utaisogeza mwenyewe kila inapolika. Waya ukikatika, fundi wa kijijini anao. Ila usiuziwe Spyke: majina yanakaribiana, lakini hiyo ni ya leva za V-breki.

Ya pili ni diski ya mafuta ya Shimano. Kwa mbio za lami ningeiweka ya kwanza. Hutumia mafuta ya madini. Diski za SRAM za barabarani hutumia mafuta ya aina ya DOT, ambayo hunyonya unyevu na kubabua rangi. Ukikosea mafuta, sili, zile raba za ndani zinazozuia mafuta yasivuje, zinaharibika.

V-breki ni ya tatu, kwa sharti moja: kama usukani ni wa mbio, dai leva ya Tektro RL520, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mchanga na tope vitakula rimu, basi ikague.

Diski za bei ya chini zisizo na jina, ziache.

Kinachonikera ni wauzaji wanaobadilisha usukani wa baiskeli ya mtumba ili ionekane ya mbio, wakapandisha bei, leva na breki wakazichanganya, kisha wakakukatalia kuiendesha hata hadi kona ya mtaa. Asiyekubali uijaribu usimlipe. Wapo pia wanaouza pedi za Spyre kama kitu adimu, ilhali umbo lake ni lile la pedi za Shimano B01S. Omba hizo.