Sindano inayojificha au boksi la usalama?

Sindano inayojificha haina mchezo: ukimaliza kuchoma, ncha inarudi ndani ya bomba, hata mfagizi wa wodi anapona. Shirika la Afya Duniani linahimiza sindano salama tangu 2015. Ila bei yake ni kubwa, na kwenye sindano za kushonea haikusaidii.

Boksi la usalama, la kutupia sindano zilizotumika, ni karatasi ngumu tu, lakini linategemea mkono wako. Likikaa mwisho wa wodi, muuguzi wa zamu ya usiku pale Moshi atatembea na sindano wazi, au atarudishia kifuniko kwa mikono miwili, na hapo ndipo vidole vinapochomwa. Liweke kando ya kitanda, lifunge likifika robo tatu. Mimi ningeanza na boksi.

Ukichomwa, osha kwa maji na sabuni. Dawa za kukinga VVU zianze mapema, kabla ya saa 72.