Mashine ilisema kweli, gereji ikaisingizia

Laki mbili na themanini. Hizo ndizo nilizoacha kwenye gereji moja huku Kinondoni, na taa ya injini ikarudi kuwaka hata wiki haijaisha, nikiwa kwenye foleni ya Morocco hapa Dar, vioo nimeshusha, jasho linanitoka kwa hasira kuliko joto.

Gari lilianza kutetemeka kwenye silensa, yaani injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta, kisha ikawaka ile taa ya njano. Iliwaka tu, haikupepesa. Ikipepesa simama, maana injini inamisi na mafuta yasiyoungua yanakwenda kuyaharibu masega yanayosafisha moshi kwenye ekzosi. Kijana wa gereji akachomeka mashine yake chini ya usukani, dakika haijaisha akanionyesha kioo: P0171.

"Dada, sensa ya oksijeni imekufa. Mashine haidanganyi."

Kupima elfu thelathini, sensa na ufundi laki mbili na nusu. Akafunga sensa, akafuta ile namba, taa ikazima. Nikamshukuru na kumshukuru!

Niliporudi hakupima tena. Alikuwa anakula chipsi, ameweka sahani kwenye boneti ya gari la mtu, macho hakuyainua. Nikamwambia taa imewaka na mtetemo haujawahi kuondoka. "Labda pampu ya mafuta." Labda! Nikamuuliza alijuaje kwamba sensa ndiyo mbovu. Akawageukia wenzake: "Dada kasoma Google, sasa anatufundisha kazi." Wakacheka wote. Nikaomba basi nipewe sensa yangu ya zamani. "Hiyo ni ya gereji."

Usiku ule ungeniuliza, ningekwambia habari yote ya gari kujipima lenyewe ni utapeli. Nilikosea.

P0171 haisemi sensa imekufa. Inasema injini inapata hewa nyingi mno kwa mafuta yanayoingia. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyopeleka taarifa. Kwetu mjumbe hauawi. Yule kijana alimuua mjumbe, akaniuzia mwingine, na mjumbe mpya akaleta habari ile ile.

Wala namba hizo si siri ya gereji. Marekani ililazimisha magari madogo mapya yote kuwa na lile tundu la pini 16 la kuchomeka mashine kuanzia modeli za 1996, na namba za msingi zikawa na maana moja kwa kampuni zote. Ndiyo maana kidude cha Bluetooth nilichonunua Kariakoo kwa elfu ishirini na tano kilinisomea P0171 ile ile kwenye simu. Hapo nikajifunza kitu kilichoniuma zaidi: hitilafu inapoingia, gari hutunza hali ilivyokuwa wakati ule, mwendo, mizunguko, joto la injini. Ukifuta namba, na hayo yanafutika. Ushahidi wangu wa siku ya kwanza aliufuta ili taa izime nimlipe.

Nikaenda kwa mzee mmoja Mwananyamala, anafanyia kazi chini ya mwembe. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, hebu washa. Akachukua simu yangu, akatafuta namba inayoonyesha kompyuta inaongeza mafuta kiasi gani. Kwenye silensa ilisoma asilimia 29. "Kanyaga." Mizunguko ya injini ilipofika 2,500 kwa dakika, ile asilimia ikashuka mpaka 7.

"Ingekuwa pampu, ukikanyaga ingezidi. Hii inavuta hewa mahali."

Akazamisha mkono nyuma ya injini, akabana mpira mmoja mwembamba kwa vidole viwili, na gari likatulia. Likatulia kabisa! Mtetemo wa wiki kadhaa uliishia kwenye vidole vya yule mzee. Akauchomoa, akaukunja mbele yangu: kwenye kona palikuwa na ufa, urefu wake kama kucha ya kidole cha mwisho, kingo zimekauka kama ukoko. Mpira mpya elfu kumi na mbili, mtaa wa Gerezani. Ufundi akaniambia nitoe nilichonacho.

Kwa hiyo nausifu mfumo huu, tena sana. Ingawa bila yule mzee ningekuwa bado naikodolea macho ile 29 nisijue la kufanya. Gari linajua linaumwa, halijui mpira gani umepasuka. Hapana, hata hapo nalionea. Lilitoa kila kilichohitajika, tangu siku ya kwanza, kwa mtu aliyelipwa elfu thelathini kulisikiliza. Yeye alisoma herufi moja na tarakimu nne, akaona bei.

Leo asubuhi, foleni ile ile ya Morocco, ile namba ya mafuta ilikuwa inacheza kwenye 3 na taa imezima. Lakini sensa yangu bado naidai. Kesho napita kuifuata, maana ilikuwa nzima.