“Queen I”: Wimbo Uliorudishwa Mahali Pake Baada ya Miaka 51

Nilipoagiza toleo jipya la albamu ya kwanza ya Queen, bendi ya roki ya Uingereza, lililotoka Oktoba 2024 kwa jina la “Queen I”, shauku yangu yote ilikuwa kwenye wimbo mmoja, “Mad the Swine”. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi, ndiye aliyeutunga, nao ulirekodiwa mwaka 1972 katika studio za Trident, Soho, jijini London, ambako vijana hao waliachiwa saa za usiku, wasanii wenye kulipa wakishaondoka. Albamu ilipotoka Julai 1973 wimbo haukuwamo, kwa kuwa bendi na prodyuza Roy Thomas Baker hawakuafikiana juu ya mlio wa ngoma. Ukawekwa kando hadi mwaka 1991, ulipotolewa upande wa pili wa singo yao “Headlong”, miezi michache kabla ya mtunzi wake kufariki.

Sasa umerudishwa palipokusudiwa, kati ya “Great King Rat” na “My Fairy King”, na hapo ndipo thamani ya toleo hili ilipo. Baada ya kishindo cha wimbo unaoutangulia, magita yanatulia, sauti za waimbaji zinapandana tabaka kwa tabaka, na anayesimulia anajitokeza kama mtume aliyerudi duniani kuwaita wakosefu. Nilikuwa nikiusikiliza peke yake kwa miaka mingi bila kutambua kwamba ni daraja. Ngoma za Roger Taylor, ambazo katika albamu ya 1973 zilisikika kama zimefunikwa blanketi, sasa zinatoka wazi hata mtu anahisi ngozi ilivyowambwa.

Kwetu Zanzibar, alikozaliwa Mercury mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, husikika zaidi nyimbo zake za baadaye, na ninasikitika kwamba huu haupigwi.

Kasha kubwa lina CD 6, santuri 1 na kitabu cha kurasa 108. Kitabu ni kizuri mno, lakini CD ya muziki mtupu usio na uimbaji nimeisikiliza mara moja tu. Asiye mkusanyaji atatosheka na toleo la CD moja. Aanze na “Great King Rat”, aongeze sauti, na asiguse kitufe mpaka “My Fairy King” iishe.